Ida wa Saba

Kitale, Jumatano

Kesho nitamwambia memsabu, mke wa mzungu mwenye shamba, kwamba Ida wake wamebaki sita.

Jina ni lake. Kila msichana aliyezaliwa hapa shambani akapewa jina hilo, memsabu alimletea blanketi. Wengine husema Aida, mama wazee husema Ita, lakini blanketi ni lile lile. Wetu alikuwa wa saba. Nilimwandika mwenyewe daftarini, mimi karani, bila kumuuliza mama yangu.

Mama amefika leo asubuhi kutoka Bungoma, akakuta mtoto anawaka homa, analia tangu juzi.

“Ati ulimpa jina la mtu hai? Si tuko na wafu wetu, Wafula? Sasa nani atamlinda?”

Kwetu mtoto hulia mpaka atajiwe jina la marehemu anayemtaka. Basi mama akampakata, akawataja wafu wetu mmoja mmoja. Alipofika kwa nyanya yangu Nekesa, mtoto akanyamaza. Mke wangu alicheka kwa furaha.

Mama hakucheka. Ndiye aliyekuwa amemshika mtoto.

Tumemzika jioni na blanketi lile, maana hatukuwa na lingine. Msalabani nimeandika Nekesa. Katika daftari la shamba bado ni Ida, kwa mwandiko wangu.