Pete ya Jua Juu ya Mpunga

Jumanne, 13 Mei 2025

Mpunga wangu umeliwa! Jana nilimpeleka mwanangu Eveline hospitali Ifakara, homa kali. Nikamwachia kaka Fransisko kazi ya kuwinga ndege. Mashamba yetu yamepakana, kila mwaka tunasaidiana hivyo. Asubuhi jua likatoka na pete, na majua mawili madogo pembeni. Basi! Yeye ndiye katekista — akashuka kwenye dungu la kulindia ndege, akagonga kengele, akawakusanya wote kigangoni wasali. Kweleakwelea wao hawasali. Nusu shamba ni makapi matupu. Chakula cha wanangu cha mwaka mzima! Nimelia kwa hasira mpaka kichwa kinaniuma.

Jumatano, 14 Mei

Nimemfuata kwake. Shikamoo nimetoa, heshima ikaishia hapo. Anasema ishara kama ile ni ya msiba mkubwa, angefanyaje? Na kwake ndege hawakugusa suke hata moja kwa sababu alikuwa anasali. Kanitazama usoni akasema hivyo! Mimi nilikuwa nimemshika mtoto mwenye dripu mkononi. Eti sikusali.

Ijumaa, 16 Mei

Mwalimu Nassib kapita. Anasema pete ile ni chembe za barafu mawinguni, juu sana, mwanga wa jua ukizipitia unapinda. Hakuna cha msiba. Fransisko akacheka: barafu Ifakara, kwa joto hili? Wote wakacheka naye. Wapuuzi! Mama anasema yaishe, ni ndugu yangu. Nusu iliyobaki nalinda mwenyewe.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika humu dunguni. Pete imerudi! Kubwa, nyekundu kwa ndani, na yale majua ya pembeni yanawaka. Nzuri — na inaniudhi kwamba ni nzuri. Kengele imelia. Watu wote wameshuka, Fransisko mbele na rozari yake. Kanipungia mkono nishuke. Nimempa mgongo.

Kweleakwelea hao, kutoka upande wa mto Lumemo, wingu zima. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Wamepita juu yangu.

Wametua kwa Fransisko. Masuke yanainama, shamba halina mtu. Nina debe magotini, nikiligonga tu wataruka. Mama yuko njiani, anaita kwa nguvu: We Leticia! Huoni kwa kaka yako?

Naona, Mama. Naona vizuri sana.