Kamera Isiyo na Filamu

Mpendwa Senje, shangazi yangu,

Tangu ututoke, watu wa Kakamega huniuliza ulinifunza nini. Huwaambia mambo ya kazi: mwanga utoke upande gani, na mtoto anayelia atulizwe vipi. Sijamwambia mtu habari za siku ile Kariuki alipotuletea kamera yake, wala yaliyofuata. Leo nakuandikia wewe, na mwingine akisoma, asome.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kuisha. Studio yetu ilikuwa bado na lile pazia la bluu lililochorwa maporomoko ya maji, nami, mtoto wa kaka yako, nilikuwa nimefanya kazi nawe miaka kumi. Kariuki aliingia asubuhi akiomba stima. Alikuwa mpiga picha wa gazeti moja la Nairobi, ametumwa kupiga picha za ndege wa msituni kwetu, na betri ya kamera ilikuwa imemwishia.

"Kamera gani hii inakula stima kama pasi?" ulimuuliza.

Akaitoa mkobani. Nyeusi, nzito, mpya kabisa. Ofisini kwao walikuwa wameipata mwezi uleule. Uliigeuza huku na huku ukitafuta mlango.

"Filamu inaingilia wapi?"

"Haina filamu, mama."

Ulinitazama kana kwamba mgeni ametutukana. Halafu ukaniambia nikawaite wapiga picha wenzetu.

Walikuja mbio. Mzee Andayi, ambaye alikuwa akisafisha picha zake mwenyewe gizani tangu mimi sijazaliwa, na Wafula, aliyezunguka na kamera yake shule zote mpaka Likuyani. Betri ilipojaa, Kariuki alimketisha Mzee Andayi mbele ya pazia, akabonyeza mara moja, kisha akaunganisha waya kwenye televisheni yetu ndogo. Mzee Andayi akatokea palepale kwenye kioo, na kofia yake, na hata uzi uliokuwa umechomoka kwenye kola.

Mzee Andayi aliinuka, akazunguka nyuma ya televisheni, akachungulia. Aliporudi alikuwa amevua kofia, kama mtu anayeingia kanisani.

"Miaka yote hii nangojanga sura itoke kwenye maji," alisema polepole, "na kila mara moyo unapiga. Hii haikungoja hata nipige chafya."

Wafula alikuwa anacheka. "Sasa sisi tutaenda wapi? Kungoja filamu irudi kutoka Kisumu ndio kazi yenyewe!" Hata hivyo alitaka apigwe yeye pia. Akapigwa amesimama, akapigwa akigeuka, akapigwa amefumba macho aone kama kamera itadanganyika. Kila mara alikimbilia kioo, na kila mara alipaza sauti: "Ni mimi! Wacha, ni mimi!"

Wewe ulibaki nyuma, karibu na mlango. Nilidhani umeogopa, kama nilivyoogopa mimi. Mwishowe ulimsogelea Kariuki.

"Kwa hivyo unajua picha imeshika kabla mtu hajaondoka?"

"Ndiyo, mama. Isiposhika, unapiga ingine."

Uliketi kwenye stuli ya wateja, ukajifunika uso kwa leso. Wenzetu walishtuka. Mimi peke yangu nilijua, kwa sababu nilikuwepo mwanzo wa yote, mwaka wangu wa kwanza kwako. Lakini siku hiyo uliwaambia mwenyewe.

Uliwaambia juu ya Mama Respa wa Musanda, ambaye mumewe alikuwa mkata miwa. Alikuwa anampeleka binti yake mgonjwa hospitalini, akapita kwetu kwanza, kwa kuwa mtoto alikuwa hajapigwa picha hata siku moja. Ulimpiga nne. Ulipofungua kamera baadaye, ukakuta filamu haikuwa imeshika yale meno ya kuivuta. Haikusogea hata kidogo. Hukunituma mimi kwenda kusema, ulikwenda mwenyewe, nami nikakufuata. Tulikuta viti vya matanga vimepangwa uani.

"Umeniletea picha?" Mama Respa aliuliza.

"Haikutoka, mama."

"Hata moja?"

Tangu siku hiyo nilikuona kila ulipopiga picha, kidole chako kwenye kile kifundo cha kurudishia filamu, ukihakikisha kinazunguka, ishara kwamba filamu inasogea.

Kariuki alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alikuvisha mkanda wa kamera shingoni. "Piga wewe, mama."

Ulinipiga mimi. Uliisogeza kamera karibu na macho, ukatazama kioo kidogo kilichokuwa mgongoni mwake, ambako picha hutokea pia, kwa muda mrefu, ukanitazama mimi, ukarudi kwenye kioo. "Ameshika," ulisema kwa sauti ndogo. "Nafula ameshika, na bado yuko hapa." Senje, sijawahi kuona uso wako ukiwa hivyo, wala kabla wala baada.

Kariuki aliondoka na picha ile ndani ya kamera, na hatukuiona tena. Hukuiulizia. Jumapili iliyofuata ulitia filamu kwenye kamera yako, ukaniambia twende Musanda, mahali ambapo hukuwa umekanyaga tangu yale matanga.

Mama Respa alikutambua tukiwa bado kwenye njia ya miwa. Alitaka kutuchinjia ingokho, kuku wa wageni, ukamwomba aketi kwanza. Ukamweleza ulichokiona: kamera inayokuonyesha papo hapo kama umempata mtu au umemkosa.

Alifikiri. "Imechelewa," alisema. Halafu akakushika mkono. "Lakini imekuja. Mama mwingine hataambiwa vile niliambiwa."

Ndipo akawaita watoto wake, wavulana wawili na msichana wa mwisho, akawapanga mwenyewe mbele ya nyumba. Kati ya kaka mkubwa na wa pili aliacha nafasi. Nikafungua mdomo niwaambie wasogeleane, ukanigusa bega.

"Waache hivyo," ulisema. "Yeye ndiye anajua wako wangapi."

Ukapiga, kidole kwenye kifundo, na kifundo kikazunguka.

Siku hizi nina kamera za aina ile ya Kariuki, tena ndogo na nyepesi. Wateja hawashangai tena. Wanatazama kioo, wanasema nywele zimekaa vibaya. Mimi bado nashangaa, Senje. Kila sura inapotokea, nahakikisha imeshika kabla ya kumwambia mtu kwamba anaweza kwenda.

Pumzika vyema, mwalimu wangu. Wateja wako nawatunza.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Nafula