Kabula Hakuwa Mama wa Nyumbani

Jumanne, 4 Juni
Naanika michembe ya viazi vitamu, simu iko pembeni inarekodi. Nina hasira. Masanja, mtoto wa marehemu dada yangu Kabula, kaja kunisomea wasifu wa mama yake. Atausoma Jumamosi tukimaliza msiba. Eti alizaliwa, akaolewa, alikuwa mama wa nyumbani, aliwapenda watu wote. Uongo mtupu! Kabula alimchukia mpaka jogoo wa jirani. Na hapo nyumbani alikaa lini? Alikuwa machimboni Segese, anaponda mawe ya dhahabu. Sasa Masanja ana duka Nyasubi, mawe yanamtia aibu.

Nikamwambia nitasimulia mimi. Akanijibu, "Wewe mama mdogo ukianza humalizi."

Mshenzi. Nimemlea huyo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejaribu kusimulia kwa jirani, Mama Neema. Nikaanza na baba yetu alivyohamia huku na ng'ombe, yule mwekundu mwenye pembe moja, alikuwa mkorofi huyo, aliwahi kula shuka... Mama Neema kasinzia! Nikamzaba kofi la pajani.

"Mayu, mama yangu, usinipige! Muda wote huu Kabula mwenyewe hata hajazaliwa!"

Nikamfukuza. Nimebaki nimenuna. Lakini kweli. Namwaga tu kila kitu. Nani anataka miaka yote ile? Siku moja inatosha.

Ijumaa, 7 Juni
Baba nimemtoa kwenye simulizi. Ng'ombe nao, roho inauma. Sisemi Kabula alikuwa na upendo. Nasema alichofanya, basi. Nimejaribu peke yangu jikoni. Nimelia kwa hasira, ugali umeungua.

Jumapili, 9 Juni
Jana Masanja kasoma karatasi yake. Watu wanakula pilau, wanacheka yao. Nikasimama bila kuitwa. Hata salamu sikutoa.

"Nyundo imempiga Kabula kidole gumba. Jiwe kalizungushia mpira wa tairi, vipande visimruke machoni. Mpira umeteleza. Kucha imeng'oka yote. Kachana kanga, kafunga, kashika tena nyundo. Nikamwambia dada, pumzika. Akaniambia, Masanja hajala."

Watu wameweka vijiko chini.

Masanja kainuka. Nikajua anakuja kunikalisha, nikakaza miguu.

"Si gumba, mama mdogo." Kanyoosha cha shahada. "Ni hiki. Nilikuwa nampulizia kidonda."

Akaendelea yeye. Nikakaa. Sikumkatiza.