Kifuniko Nilichokisugua kwa Mchanga

Lodwar,
11 Machi 1976

Kwa dada yangu Akiru, Kakuma,

Ejok. Umeamkaje, watoto wameamkaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo haliniwezi. Usishangae mwandiko, nimeandika mwenyewe. Mwalimu Opondo wa darasa la ngumbaru anasema ninashika kalamu kama mkuki. Hakuna mzee mwingine aliyeambiwa hivyo.

Dada, nasikia wazee wa Kakuma bado wanasema mume wako Ekal alilala njiani, ndiyo maana mbuzi thelathini wakafa kwa kiu. Nasikia nawe humpikii tena.

Unajua tulivyopatana. Kisima kipya nilikichimba mimi katika mto mkavu, na Ekal hakukijua. Mimi nikae kilimani na kifuniko cha sufuria, nimulike jua upande wake. Yeye akiona kinametameta, ageuze mbuzi huko. Toka Kalokol mpaka Nakalale hakuna mwenye mkono kama wangu. Nilimulika hadi ukafa ganzi. Hakuja. Niliwaambia wazee ni vumbi, kwamba jua likiingia kwenye vumbi linamwagika kila upande, mbingu yote inakuwa kama maziwa, mmuliko hauonekani. Hiyo ni kweli. Ila vumbi lilikuja alasiri, na Ekal alipita asubuhi, mbingu safi. Wazee ndio walioona kwamba alilala njiani hadi vumbi likamkuta.

Juzi Opondo alichukua kioo chake cha kunyolea akatupa jua ukutani, doa moja kali. Nikacheka, nikaleta kifuniko changu nimshinde. Ukutani hakukuonekana kitu. Akaniuliza nilikisugua na nini. Nikamwambia na mchanga wa mto, siku nzima, mpaka kikawa cheupe kuliko meno yangu. Akasema ni hiyo mikwaruzo. Kwenye uso laini mwanga unatoka pamoja, kama mbuzi mlangoni pa boma. Kwenye mikwaruzo unatimka huku na huku, kama mbuzi waliomwona fisi.

Akiru, Ekal alinikataza. Alisema nikipanguse kwa mafuta na ngozi, basi. Nikamjibu yeye ni nani wa kunifundisha kung'arisha.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi ile niliwaona mbuzi wake kwa mbali, wadogo kama siafu, wakielekea upande usio na maji. Ningeweza kushuka nimwite. Nikasema hapana, mmuliko wangu unatosha, ni yeye hatazami. Nikabaki palepale namulika.

Barua hii isomwe mbele ya wazee, Ekal akiwepo, na msomaji asiruke mahali. Kifuniko nimempa dereva wa lori akuletee. Kishike juani. Kinang'aa, sikatai. Halafu tafuta uso wako humo. Mimi nimetafuta wangu tangu juzi.

Wasalimie watoto wote kwa majina. Mpikie mume wako.

Ni mimi kaka yako,
Nanok