Msimu wa Saida Ambao Hukuuona

Mke wangu Mwanaidi,

Ligi ya Sweden imekwisha. Nimengoja hadi mechi ya mwisho ndipo nikuandikie, maana hukupenda kusimuliwa mambo nusunusu. Mkataba wa binti yetu Saida uliuona ukitiwa sahihi. Ulikuwa umelala sebuleni, Mombasa, ukataka usomewe tena, ukauliza, "Ni ligi kuu yenyewe, si daraja la pili?" Akakwambia ni ligi kuu. Ukafumba macho ukacheka. Lakini mechi za huko hukuwahi kuona hata moja, Mungu akurehemu, na kazi ya kukusimulia imeniangukia mimi, ambaye mpira kwangu ulikuwa kelele za jirani tu.

Mpira ulikuwa wenu nyinyi wawili. Nakumbuka likizo alizokuja huku Uchina, Guangzhou, akiwa bado mdogo, sisi tumepanga ile nyumba ya Sanyuanli juu ya ofisi ya mizigo. Mimi napanga viatu vya watoto kwenye maboksi, nyinyi mnaokota mabaki ya plastiki za kufungia, mnayaviringisha, mnayazungushia selotepu mpaka yawe mpira. Ulikuwa ukilikunja buibui lako na kulifunga kiunoni, ukamfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto katikati ya maboksi. "Panda, kisha urudi," ulimwambia. "Beki asiyerudi ni mtazamaji." Mwenye nyumba, yule laoban wetu mnene, alikuja siku moja kugomba, akaishia kusimama mlangoni akitazama. Mimi nilisema, "Mtaniharibia mizigo," nikaendelea na kazi. Sikukasirika. Sikujua tu kwamba palikuwa na kitu cha kutazama.

Hata alipokuwa mkubwa na kuitwa timu ya taifa, simu zake zilikuwa zako. Nilikuwa nakusikia ukiwa jikoni: "Alikupita ndani au nje? Na nani alikuwa anakufunika?" Mkishamaliza ndipo ulinipa simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, mama yako huyu."

Ndivyo tulivyozungumza miaka yote, na haikunijia kwamba ni kidogo.

Baada ya kukuzika, Saida hakukaa hata arobaini yako. Klabu ilikuwa imeshaanza mazoezi, na wewe mwenyewe ulikuwa umemuusia asikose. Mimi nilimaliza arobaini nikarudi huku. Ligi ikafunguliwa majira ya machipuko, ambayo kwao bado ni baridi kali. Aliniambia wachezaji wa akiba walifunikwa mablanketi kama wagonjwa. Baada ya mechi ya kwanza akapiga simu.

"Shikamoo, Baba. Tumefungwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umekula?"

"Nimekula."

Nikageuka kutafuta wa kumpa simu. Mwanaidi, nakwambia niligeuka kweli, na mkono nikaunyosha. Akasema atalala.

Kesho yake nilipanda ghorofa ya pili kwa Mama Achieng, yule Mkenya mwenzetu wa Nairobi anayeuza nywele, ambaye mlikuwa mkibishana naye mambo ya timu za Ulaya. Nikamwambia anifundishe kuotea ni nini. Hakunicheka. Alipanga vile vichwa vya plastiki anavyovisha wigi juu ya kaunta, kimoja kikawa kipa, viwili mabeki, chenye nywele nyekundu mshambuliaji. "Mzee, iko hivi," akasema. "Pasi ikitoka, huyu mwekundu asiwe amempita beki wa mwisho. Sasa nikisukuma hapa?" Nikasema ameotea. Akasogeza tena, nikakosea. Mteja alisubiri wigi lake hadi nilipoelewa.

Tangu hapo nilitazama mechi zote, nyingi dukani mwa Mama Achieng baada ya Magharibi, kwenye kompyuta yake. Uwanja wao ni mdogo, una nyasi za bandia, na nyuma ya goli moja kuna msitu wa misonobari. Mechi za mwanzo Saida alikaa benchi. Halafu beki wao wa kushoto akaumia goti, akaingia yeye. Nilimwona akipanda, kisha nikamwona akirudi, mbio zote, mpira uko mbali na hakuna anayemtazama isipokuwa mimi. Nikashindwa kuendelea kunywa chai yangu.

Walikuwa timu dhaifu, mke wangu, sitakuficha. Walifungwa na wakubwa, wakatoka sare na wenzao. Kabla ya mapumziko ya kiangazi Saida alimrudishia kipa mpira mfupi, mpinzani akaunasa njiani akafunga. Kocha akamrudisha benchi. Siku chache baadaye nilikuwa Huangpu, bandarini, nimekaa kwa wakala nikisubiri kontena langu lipakiwe, simu ikaita.

"Baba, nataka kurudi nyumbani."

Nikamuuliza, si kwa ukali, nilitaka kujua kweli: "Nyumbani wapi, mwanangu? Mombasa au huku?"

Akasema, "Sijui. Kwa Mama."

Wakala alikuwa ananiita nikasaini karatasi zake. Nikamwashiria angoje. Maneno ya kumtia moyo binti sikuwa nayo. Hayo ulikuwa nayo wewe. Nikamwambia, "Hata mimi."

Akalia, na mimi nikalia, nimekaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya madereva wa malori. Hatukuwa tumelia pamoja hata siku ya mazishi, maana yeye alikuwa ndani na wanawake, mimi nje. Tulipotulia akaniambia kule jua halizami sawasawa, kwamba Isha anaswali kwa saa ya simu na usingizi haumjii. Nikamwambia atundike shuka nzito dirishani. Akasema atajaribu. Kuhusu kurudi nyumbani hakusema tena, nami sikumuuliza.

Baada ya hapo alikuwa akinipigia hata siku zisizo na mechi. Nilimuuliza maswali ya kijinga na akayajibu yote. Nilimweleza habari za soko, bei za viatu, jinsi Mama Achieng anavyowatukana waamuzi kwa Kijaluo. Mwisho wa kiangazi akarudishwa kikosini na hakutoka tena.

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu wabaki ligi kuu. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikuwa yamepamba moto. Niliwaacha wateja wangu mikononi mwa mwenzangu wa kazi, nikapanda metro kurudi Sanyuanli. Wakatangulia kufunga, kwa krosi ya Saida, mguu wa kushoto, mpira umejikunja ukaanguka kichwani mwa mwenzake. Mama Achieng alinishika bega. Kipindi cha pili wale wengine wakasawazisha. La pili lilitokea upande wa Saida. Winga alimpita kwa ndani. La tatu likaingia wote wakiwa wamepanda kutafuta la kusawazisha. Ikaisha hivyo. Wameshuka daraja.

Hakupiga simu siku ile. Alipiga kesho yake.

"Baba, Mama angesema nini?"

Ningeweza kukutungia maneno. Sauti yako ninayo masikioni, na angeamini. Lakini nikasema, "Sijui, mwanangu."

"Basi wewe. Wewe uliona nini?"

Nikamwambia. "Baada ya goli la tatu wenzako walikaa chini. Wewe uliingia golini, ukautoa mpira nyavuni, ukakimbia nao mpaka katikati ya uwanja. Mwamuzi alikuwa ameshaanza kutazama saa."

"Haikusaidia kitu."

"Umeniuliza nilichoona. Nimeona hicho."

Akasema polepole, "Kumbe ulikuwa unanitazama."

Klabu imemwomba abaki nao huko daraja la pili. Timu nyingine ya ligi kuu pia ilimtaka. Alinitaka shauri, mimi, na tukaligeuza jambo hilo juma zima. Amechagua kubaki, anasema alishuka nao, atapanda nao. Sikumsukuma upande wowote, ila nilifurahi.

Sasa yuko mapumzikoni. Tumepanga kukutana Mombasa mwezi ujao, tuje kaburini pamoja tukusomee dua. Najua atataka kukusimulia mwenyewe, na kwenye goli lile la pili utasikia maneno mengine. Yeye anashikilia kwamba kiungo wake hakumfunika. Mimi nasema yeye mwenyewe alichelewa kurudi. Tumebishana simuni mpaka Mama Achieng akachoka nasi, na hakuna aliyekubali kushindwa. Msikilize yeye kwanza, kisha ukumbuke kwamba mimi nililiona.

Lala kwa amani, Mwanaidi.

Mumeo,
Baba Saida