Mtoto Kanikolea Kifuani, na Sista Anakuja Jumatatu

Mpendwa mshauri, mwanangu Nusaiba, mimi ni mzee wa Munje na nakuomba uniokoe kabla ya Jumatatu, jina langu usilitoe gazetini, ukinijibu andika tu Chome, huku tuko wengi. Ukurasa wako huusoma kwenye karatasi wanayotufungia viazi vya karai, kwa hivyo mara nyingi naipata shida ya mtu lakini jibu lake limekwenda na mafuta, ila nimeona unavyowapa watu ukweli wao nikasema binti huyu atanifaa, na shule yangu iliishia darasa la nne, nukta utazitia wewe.

Mjukuu wangu Waridi, tuliyemlea mimi na mke wangu Twaiba, alikuwa mja mzito, mumewe Twahir yuko Qatar anaendesha gari, na hapa zahanati tuna muuguzi anaitwa Sista Mbodze, mwanamke wa Kinango, mfupi, sauti yake ukiisikia utadhani ananadi samaki. Waridi alikuwa amekwenda kliniki ya kawaida tu, akataja kwamba kichwa kinamgonga, Sista akamtazama miguu ilivyovimba, akampima presha, akaacha kila kitu akaita ambulensi akapanda naye, na sisi nyumbani Twaiba alikuwa anasema ni miguu ya mimba hiyo itapita, lau tungemsikiza Twaiba leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Huko hospitali kubwa wakampasua, mtoto akatoka kabla ya wakati wake, msichana, mdogo mshauri, mdogo, mgongo wake wote ulienea kwenye kiganja changu na vidole vikabaki, mamake yuko kitandani hajijui, Twaiba anakohoa vibaya wakamkataza kumkaribia, na Sista Mbodze alikuwa bado hajarudi Munje, akanitazama juu hadi chini akasema, "Babu, una kifua wewe?"

Nikamwambia, "Ninacho, lakini hakina maziwa."

"Maziwa tuachie sisi. Mimi nataka joto. Vua shati."

Nikamwambia mwanamke wa mwisho kuniambia hivyo nilimuoa.

"Basi leo unaoa tena," akasema. "Vua!"

Akamlaza juu ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, kichwa chini ya kidevu, uso umegeuzwa upande apate kupumua, miguu kama ya chura, akatufunga pamoja kwa leso ya Twaiba, akasema hii ndiyo kangaruu, mnyama ambaye mimi simjui lakini namheshimu tangu siku hiyo. Akanifundisha nikiona mtoto amesahau kuvuta pumzi nimkune unyayo na niwaite wauguzi mbio. Akasema pia kwamba moshi wa sigara na mtoto huyu havikai kifua kimoja, na mshauri, sigara nimevuta tangu nilipoanza kukwea minazi, imamu kanikataza, daktari kanikataza, Twaiba kazitia chooni pakiti nzima, lakini nilipokitazama kile kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka nilimpa Sista pakiti yangu mwenyewe nikamwambia katupe.

Tukarudi nyumbani, Waridi bado dhaifu, akawekwa ndani kwa arubaini yake kama ilivyo ada, na mimi nikaendelea na kazi, nakaa kwenye kiti, kikoi chini, leso juu. Wenzangu wa kahawa wakaja kunizuru, Mramba akaniuliza, "Chome, hongera mzazi, ulipasuliwa au ulisukuma?" Nikamwambia nilisukuma, huoni nilivyokonda, na kesho yake mkewe akaniletea uji wa pilipili manga wa wazazi, kwa utani, nami nikaunywa wote bila utani. Tena unajua kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, sembuse kitukuu, kwa hivyo huyu ndiye bi mdogo, na Twaiba kila asubuhi huja kuchungulia ndani ya leso akiuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" Nyumba imepata kicheko tulichokuwa tumekisahau.

Sasa dhambi yenyewe. Juma lililopita Sista alikuja kwa pikipiki, akampima Waridi presha, akatazama mshono, akamuuliza analala vipi, akamning'iniza mtoto kwenye mizani akafurahi mpaka akapiga kigelegele. Kisha Twaiba akampeleka Waridi uani kumkanda mgongo na miguu kwa maji ya moto, tumbo Sista amelipiga marufuku, na hapo simu ikalia kwamba kuna mama ameshikwa na uchungu zahanati, Sista akapanda pikipiki akaniambia pale mlangoni, "Babu, umefanya kazi kubwa. Waridi sasa ana nguvu. Kuanzia leo mtoto akae kifuani kwa mamake, wewe utampokea mama akienda kuoga na kula. Waambie wenyewe, mimi nakimbia."

Nikaingia ndani, na walipotoka uani nikasema, Sista amesema mtoto asitoke kwa babu, mama aletewe wakati wa kunyonyesha tu, kisha arudishwe.

Sijui lilinitoka vipi. Hakuna aliyebisha, maana tangu amwokoe Waridi, neno la Sista nyumbani kwetu ni kama limeshuka kutoka juu, na mwanamke aliye ndani ya arubaini atakwenda wapi kuuliza? Mimi nilidhani nitajifurahisha siku moja au mbili tu.

Lakini jana nilimsikia Waridi akimwambia Twaiba, "Bibi, Sista ameona siwezi. Nilipokuwa nimelala kule mtoto akazoea kifua kingine, sasa hata maziwa yananikataa." Na kweli maziwa yamepungua, mtoto ananyonya kidogo kisha anahangaika, na Twaiba ameanza maneno ya kumkorogea maji ya sukari, au atafute maziwa ya ng'ombe, mambo ambayo Sista alituapia asiyasikie. Twaiba akamwambia Waridi ampigie Sista simu, Waridi akasema anaona haya, na mimi niliyekuwa nimekaa papo hapo na mtoto kifuani nikajifanya nimesinzia.

Mshauri, Sista anarudi Jumatatu. Nitoke vipi hapa bila kuumbuka? Niseme Sista amebadilisha shauri? Niseme sikio langu bovu? Ukweli ni kwamba tangu niteremke minazini hakuna aliyenihitaji kwa lolote ila kuhama kiti nikifagiliwa, na kifua hiki kilisugua minazi mpaka kikawa kama gome, lakini huyu kapata usingizi papo hapo. Nikimtoa patabaki baridi.

Ni mimi, mkwezi mstaafu, Munje. Jina unalo.

*

Shikamoo, babu. Natanguliza heshima mapema kwa sababu huko mbele itapungua.

Jina lako nimelificha kama ulivyoniagiza, Chome.

Nilicheka barua yako mpaka nilipofika kwa Waridi, hapo kicheko kikanikauka. Msichana amechungulia kaburi, tumbo lina mshono, mume yuko Qatar, amefungiwa chumbani, na mtu anayempenda kuliko wote amemletea uongo kwamba mtu anayemwamini kuliko wote amemwona hafai. Utani wa bi mdogo ni haki yako kwa ada. Kumnyang'anya mama mtoto wake si ada ya Munje wala ya popote.

Na sikiza jambo ambalo Sista hakuwa na nafasi ya kukueleza akiwa juu ya pikipiki. Mtoto akilala kwenye ngozi ya mamake, akanyonya kila anapotafuta, ndipo mwili wa mama unapopata habari kwamba maziwa yanatakiwa. Joto ulimpa, na Mungu akulipe, maana bila kifua chako sijui. Lakini sasa umekalia chakula chake.

Sikio usilisingizie. Ukisema hukusikia vizuri, Waridi atabaki akijiuliza Sista alisema nini hasa. Weka hii karatasi ya viazi chini, ingia chumbani sasa hivi, usingoje Jumatatu, umwambie hivi: "Sista alisema una nguvu, mtoto akae kwako. Aliyesema vingine ni mimi, kwa sababu nilimpenda nikashindwa kumwachia." Kisha nyamaza. Mzaha usiuguse mpaka amalize kulia, na akikukasirikia, mpe nafasi akasirike. Halafu fungua leso kwa mkono wako, umlaze mtoto kifuani kwa mamake, kichwa chini ya kidevu, miguu kama ya chura. Hapo wewe ndiwe mwalimu, mwoneshe.

Ukimaliza, mpigie Sista Mbodze mbele yao wote, umwambie maziwa yamepungua na Waridi analia. Mambo yote mawili ni kazi yake, la pili si dogo kuliko la kwanza. Atakufokea. Mwache afoke, yeye ana sauti ya mnadi samaki na wewe una ngozi ya mnazi, mtawezana. Na nyote hapo nyumbani: mzazi akirudiwa na kile kichwa, macho yakamfifia, akapata homa au damu ikazidi, hangoji arubaini wala pikipiki ya mtu, anapelekwa saa hiyo hiyo. Ada itamsubiri, haina haraka.

Bi Twaiba, shikamoo, najua unasomewa haya. Hiyo sukari itie kwenye chai yako. Mtoto ni maziwa ya mamake peke yake, Sista akisema vingine mtamsikia kwa masikio yenu, wala si kwa babu.

Sasa hiyo baridi uliyoitaja, babu, siidharau. Sigara usiirudie, hata kifua kikiwa kitupu namna gani. Lakini hebu kumbuka vizuri maneno ya Sista pale mlangoni. Hakukuachisha kazi. Alikupa zamu, Waridi akienda kula na akienda kuoga. Zamu hiyo ni yako halali, imetoka kwa muuguzi mwenyewe.

Ukitaka iwe ndefu, mtekee Waridi maji mengi, uyapashe moto, umwambie aoge taratibu.