Mama wa Pili kwenye Kinu cha Shaba

Musonoi, Kolwezi
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Mianda,

Moyo wenu, kwa salamu ya kwetu Kasai, wewe na wote wa nyumba yako huko Mwene-Ditu! Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Na Tata Badibanga, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Vumbi la malori tunalila kama kawaida, lakini mvua za kwanza ziko njiani, na mimi nina furaha hata kalamu inashindwa kunifuata.

Kwanza habari ndogo. Mwanangu Glodi amepata mchumba, msichana wa Tenke. Anajua kupika, anajua kusali, na anajua kumnyamazisha Glodi. Tumemshukuru Mungu.

Sasa habari kubwa. Unakumbuka kile kiwanja nyuma ya soko, pale penye takataka? Shirika moja lilitaka kupatengeneza: sanamu, viti vya kukaa, na bati la kivuli kwa akina mama wanaouza. Wakamleta Tatiana, fundi kijana wa Lubumbashi anayefua shaba kwa nyundo. Nilidhani tutapewa mchimbaji na sururu yake, kama kila mahali. Kumbe Tatiana alipita nyumba kwa nyumba akituuliza tunapenda kuona nini, na wengi tukasema: mama anayetwanga.

Akaleta mfano wa udongo. Ulikuwa mzuri kweli: mama mmoja, kinu, mchi juu. Tata Polycarpe, mkubwa wa kamati ya mtaa, alikuwa ameshapiga makofi. Ndipo akasimama Mama Fidélie. Ndiyo, Fidélie wako, uliyetwanga naye majani ya sombe katika ua mmoja mpaka mwaka ule sisi watu wa Kasai tulipoambiwa turudi kwetu. Wewe ukapanda treni, mama yangu na mimi tukabaki tumefichwa nyumbani kwake.

"Huyu mama anatwanga yeye moja," akasema. "Bajirani yake beko wapi? Balikosana?"

Watu wakacheka. Tata Polycarpe hakucheka, maana wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake, na aliogopa wakikuta ubishi watapeleka kazi mtaa mwingine. Akamwomba Fidélie akae. Fidélie akae? Unamjua! Hata mimi nilimkasirikia kidogo, kwa kuwa kivuli kile nilikuwa nakitaka sana.

Wafadhili walipofika walimkuta katikati ya kiwanja na kinu chake. Akatwanga peke yake, polepole, hata kumtazama kulichosha. Kisha akanipa mchi wa pili. Tukapokezana, wake ukishuka wangu unapanda, akaanzisha wimbo, mama wa soko wakaitikia, na mkubwa wa wafadhili mwenyewe akajikuta anapiga mguu chini. Akamgeukia Tatiana, akamwambia aongeze mama wa pili. Hapo Tata Polycarpe akapiga makofi tena, kwa nguvu kuliko siku ya kwanza.

Lakini usidhani mama huyo ni mimi. "We Jocelyne, toka," Fidélie akanifukuza. "Mianda anatwangaka na mukono ya kushoto." Basi Tatiana akakutengeneza kwa maneno ya Fidélie: mkono wa kushoto juu, kichwa kimelala upande kidogo, na makalio, samahani Mama, makalio ambayo Fidélie alikuja kuyakagua kila asubuhi. "Mianda hakukuwa fimbo! Ongeza!"

Wengine waliogopa: shaba hapa Musonoi, si kesho itakuwa ndani ya gunia? Lakini vijana wa pikipiki wanasubiri abiria papo hapo, na wameapa kwamba hakuna atakayeuza mama zao. Mpaka leo hakuna kilichong'olewa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kitambaa kilivutwa. Vigelegele! Mtangazaji wa redio akamwuliza Fidélie mama wa pili ni nani. Fidélie akaweka mkono begani pako pa shaba, akajibu mbele ya wakubwa wote, kwa sauti iliyofika sokoni:

"Huyu ni Mianda. Ni muntu wa hapa."

Nililia, Mama. Nilikuwa mtoto siku ya treni ile, na tangu hapo sikuwahi kusikia mtu akisema neno hilo juu yetu hadharani. Soko zima likamwitikia.

Msalimie sana Tata Badibanga, Valérie na watoto wake, na kaka Muteba akipita. Glodi anakupigia magoti. Bwana awalinde nyote, alinyooshe goti hilo, aifungue njia.

Fidélie naye ameketi hapa kando yangu, hataki nifunge bahasha kabla sijaandika lake. Anasema Mianda wa shaba hajui kuitikia wimbo. Uje.

Ni mimi, mtoto wako nikupendaye bila kupungua,
Jocelyne